Spana Namba 13

Ukitaka kujua kama gari la zamani limewahi kupita mikononi mwa fundi mwenye haraka, wachana na rangi. Rangi hupakwa upya kwa siku mbili. Fungua mlango wa dereva, piga magoti, uangalie boliti zinazoshika bawaba. Kama vichwa vyake vimelika pembe hadi vikawa mviringo kama kitumbua, kuna mtu alikuja hapo na spana namba 13.

Namba 13 si spana mbaya. Nenda hardware yoyote Nairobi uombe boliti ya milimita nane, na ile utakayopewa itafunguliwa na namba 13. Shida ni kwamba Land Rover ya mwaka wa 1959 haijui milimita ni nini. Boliti ya bawaba yake ni ya inchi, 5/16, ambayo ukiipima unapata milimita 7.94. Ukaribu huo ndio unaodanganya watu. Tofauti ya unene ni ndogo kuliko unene wa karatasi ya daftari, kwa hivyo boliti ya nane inaingia, inazunguka mara mbili vizuri kabisa, halafu inakwama. Fundi mwenye subira anaitoa. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu.

Nimejua haya kwa sababu ya kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote ambacho mtu yuko tayari kulipia: hotuba za harusi, CV za watu, maelezo ya nyumba za kukodisha za wiki moja. Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika historia ya gari. Kaka yake nyanya yangu, ambaye ukoo mzima tunamwita Guka, ana Land Rover Series II huko Ol Kalou, na alikuwa amepata mnunuzi kutoka Uingereza. Mnunuzi alitaka mambo matatu. Injini iwake, milango irudishwe jinsi ilivyotoka kiwandani, na apewe kurasa mbili zinazoeleza gari lilipopita. Guka naye alitaka jambo moja: pesa za kufanyiwa upasuaji wa magoti.

Kwa hivyo mimi na fundi tulikuwa na swali lilelile bila kujua. Yeye aliuliza ni boliti gani iliyo sahihi. Mimi niliulizwa historia gani iliyo sahihi.

Nianze na la fundi, kwa sababu lake lina jibu.

Kabla ya mwaka wa 1841, boliti ilikuwa mali ya karakana iliyoitengeneza. Kila karakana Uingereza ilikata nyuzi zake (namaanisha ile mizunguko inayopanda kwenye boliti, mafundi wetu wanaiita thredi) kwa upana na mwinamo wake yenyewe. Nati ya karakana moja haikuingia kwenye boliti ya jirani. Mashine ikiharibika Leeds na ilitengenezwa Manchester, umeumia. Mwaka huo Joseph Whitworth, fundi aliyekuwa amejifunza kazi kwa Henry Maudslay jijini London kisha akafungua karakana yake Manchester, alisoma hoja yake mbele ya Chama cha Wahandisi wa Ujenzi. Alikuwa amekusanya boliti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Uzi uwe na pembe ya digrii 55, akasema, na kila unene wa boliti uwe na idadi yake maalum ya nyuzi kwa kila inchi. Hakuleta kitu kipya, alipatanisha vilivyokuwepo. Kampuni za reli zikakubali, na reli za Waingereza zilipofika mahali, pembe ya 55 nayo ilishuka pale na mizigo mingine. Boliti zinazokazwa kwenye kitu kinachotikisika sana, kama gari, baadaye zilipewa nyuzi nyembamba zaidi za ukoo huohuo, zikaitwa BSF.

Wamarekani hawakutaka. Aprili 1864, William Sellers alisimama mbele ya Taasisi ya Franklin, Philadelphia, akasema uzi wa Whitworth una kichwa cha mviringo ambacho ni kazi ngumu kukichonga sawasawa. Yeye akapendekeza digrii 60 na kichwa bapa, kitu ambacho mfanyakazi wa kawaida anaweza kukata bila kuwa bingwa. Napenda hoja hii. Inakubali kwamba dunia haina mabingwa wa kutosha.

Digrii tano. Kwa hizo digrii tano, nchi mbili zinazozungumza lugha moja zilikaa miaka zaidi ya themanini bila kuweza kuazimana nati. Vita Vikuu vya Pili vilipofika ikawa aibu. Kampuni ya Packard ya Detroit ilipopewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Rolls-Royce Merlin, ililazimika kujitengenezea boliti za Kiingereza yenyewe, kwa sababu Marekani hakukuwa na wa kuziuza. Vita vilipoisha wakaketi. Tarehe 18 Novemba 1948, jijini Washington, Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini mkataba wa uzi mmoja. Digrii 60 zikashinda. Uzi mwembamba wa mkataba huo ndio unaoitwa UNF.

Sasa shika hiyo tarehe, halafu rudi nyuma miezi saba. Tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ilikuwa imeonyesha kigari cha shamba chenye umbo la sanduku. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, jina lake la biashara Birmabright, kwa sababu baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kipimo lakini aluminiamu ilikuwepo. Fremu na vipande vya pembeni vilikuwa chuma, vingine vimezamishwa kwenye zinki kama mabati ya kuezekea. Land Rover ilizaliwa mwaka uleule ambao boliti zake zilihukumiwa kustaafu.

Lakini kiwanda hakistaafishi boliti siku moja. Mashine za kukatia zipo, stoo imejaa, michoro imeshachorwa. Series I ilitembea na BSF. Series II ikaja 1958, ikafuatwa na IIA mwaka wa 1961, na humo unakuta BSF hapa na UNF pale, kwenye gari moja, wakati mwingine kwenye kipande kimoja. Ndiyo maana hakuna jibu la simu kwa mtu anayeuliza, "Boss, boliti za mlango wa Land Rover ni gani?" Jibu ni kwamba ushuke ukapime.

Fundi wetu ana gereji Nakuru, nyuma ya maduka ya spea za matrekta, na ana kipimo chenye meno kama kichana. Kila jani la kichana lina idadi ya nyuzi iliyoandikwa. Unaliweka juu ya boliti, unainua kwenye mwanga, na kama hakuna mwanga unaopita kati ya meno na nyuzi, umepata. Kwa 5/16 kuna mambo mawili ya kutafuta: 22 kwa inchi ni BSF, 24 ni UNF. Tofauti ya nyuzi mbili. Macho yangu hayakuiona kabisa hadi aliponiwekea kichana.

"Kijana, usiangalie boliti," aliniambia. "Angalia mwanga."

Kuna dalili nyingine unayoweza kusoma bila kipimo. Boliti nyingi za Kiingereza za UNF zina viduara vitatu vilivyoshikana vimegongwa kichwani, au kishimo cha mviringo katikati ya kichwa. Ukiona 8.8, hiyo ni ya milimita na ilikuja baadaye, hata ikiwa imeshika kutu ya heshima. Spana pia husema. UNF ya 5/16 ina kichwa cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, na hapo namba 13 inaingia ikichezacheza, inakula pembe. BSF ya unene huohuo ina kichwa cha milimita 13.3, na hapo namba 13 haiingii hata ukiibembeleza. Halafu, ili kukuchanganya zaidi, spana za Whitworth huandikwa unene wa boliti, si upana wa kichwa. Yaani ile iliyoandikwa 1/4 ndiyo inayofungua BSF ya 5/16. Waingereza.

Tulianza na mlango wa kulia. Boliti moja ilikuwa ya milimita, imelazimishwa, na ilikuwa imekula nyuzi za ndani hadi nusu. Nyingine zote, 22. BSF, kama unavyotarajia kwa gari la 1959. Fundi akatabasamu. Tukahamia mlango wa kushoto, akaweka kichana, akainua kwenye mwanga, akabadilisha jani. 24. Akapima nyingine. 24. Akaenda bawaba ya juu. 24.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huu mlango si wa hili gari."

Tulimpigia Guka. Hata hakufikiria. Ndiyo, akasema, mwaka wa 1981 nilipinduka kwenye matope nikitoka kupeleka maziwa, ule wa kushoto ukakunjika, nikanunua mwingine kutoka kwa Land Rover iliyokuwa imekufa Gilgil, na bawaba zake. Alikuwa amesahau kuutaja kwa sababu kwake haukuwa jambo la kutaja. Mlango ni mlango.

Milango ya Land Rover hizi inabadilishana, na hilo ndilo lililozifanya ziishi hapa. Unafungua boliti za bawaba, unauinua, unaweka wa gari lingine. Sehemu ya juu yenye kioo cha kusukuma nayo inatoka peke yake. Gari moja linaweza kuwa na viungo vya magari manne na bado likawa na logibuku moja.

Kwa hivyo, nini kilicho sahihi kwa mlango ambao haukuzaliwa na gari? Mnunuzi, nilipomwandikia, alitaka mlango wa kushoto uwekewe BSF ili ulingane na wa kulia. Fundi alikataa, na naona alikuwa na haki. Kuweka BSF ya nyuzi 22 kwenye chuma kilichokatwa 24 ni kosa lilelile la boliti ya nane, isipokuwa hili limevaa suti. Ungelazimika kutoboa upya na kukata upya, yaani kuharibu nyuzi nzima za miaka sitini ili gari liseme uongo wenye mpangilio. Boliti sahihi ni ile inayolingana na tundu lililopo.

Kupata UNF ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Trekta za Massey Ferguson 135, ambazo bado zinalima nusu ya Bonde la Ufa, zinatumia nyuzi hizohizo, kwa hivyo duka la spea za trekta lina mapipa yake. BSF ndiyo ilitutesa. Siku mbili nilizunguka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikiuliza. Watu walinionyesha boliti nzuri sana za vitu vingine. Mwishowe duka moja dogo Industrial Area, mzee wa Kihindi mwenye miwani akatoa kopo la maziwa ya unga lenye boliti za inchi zilizochanganyika, akaniachia nikae chini nichambue na kichana. Nilipata tano. Zilizobaki fundi mwenye leithi Nakuru alizichonga.

Mnunuzi pia alikuwa amependekeza stenlesi, kwa sababu haishiki kutu. Hapo naomba uwe makini kama una gari la aina hii. Stenlesi haishiki kutu yenyewe, lakini ikigusana na aluminiamu palipo na unyevu, aluminiamu ndiyo inayolipa. Inageuka unga mweupe kuzunguka boliti, na boliti inabaki inang'aa ikiwa imeshika hewa. Ukiwa Mombasa, chumvi ya baharini huharakisha mambo. Chuma kilichopakwa zinki ndicho sahihi, na washa nyembamba ya plastiki au grisi kati ya madini hayo mawili. Siku moja boliti itashika kutu, utaitoa, utaweka nyingine. Ndiyo kazi yake. Skrubu ndogo nazo ziwe za mfereji mmoja, za bisibisi bapa. Ile ya nyota, ya Henry Phillips, Cadillac walianza kuitumia 1936, lakini gari hili skrubu zake zilikuwa bapa, na zilizotangulia zilikuwa bado zimekwama mahali pake kutuonyesha.

Milango ilipomaliza kufungwa, Guka alikuja Nakuru kuiona. Fundi alikuwa ameweka raba mpya, amepanga bawaba, amenyoosha kitasa. Akaufungua mlango wa kulia, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga: mlio mfupi wa debe, kisha klik.

Guka aliomba aufunge tena. Fundi akaufunga.

"Tangu ninunue hili gari halijawahi kulia hivyo," Guka alisema. "Lakini hiyo sauti naijua."

Hapa ndipo kazi yangu ilianza kuwa ngumu. Kwenye logibuku, mwenye gari wa kwanza ni serikali, mwaka wa 1959. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Guka alizaliwa Nyeri. Alikuwa mvulana mwaka wa 1954, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwahamisha Wakikuyu kwa nguvu kuwapeleka kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ua, zaidi ya watu milioni moja. Usiku mmoja mwaka huo gari la aina hii, la kizazi kilichotangulia, lilisimama nje. Hakuliona, walikuwa wameambiwa wasitoke. Alisikia mlango ukifunguliwa na ukifungwa, wa kulia, kisha wa kushoto. Baba yake alirudi baada ya miaka minne na hakuwahi kusimulia kuhusu kizuizini.

Nilimuuliza kwa nini basi, mnada wa serikali ulipofika mwaka wa 1974, alinunua Land Rover. Si kulikuwa na Peugeot.

"Peugeot ingepanda mlima wetu wakati wa mvua?" Kisha baadaye, tukinywa chai, akaongeza bila mimi kuuliza: "Walikuwa wanaitumia kupakia watu. Mimi nikaipakia maziwa."

Ameipakia maziwa miaka karibu arobaini. Pia wagonjwa, jeneza la nyanya yangu, na bibi harusi watatu. Kwenye shamba alilopata kwa mpango wa makazi miaka ya 1960 hakukuwa na gari lingine upande ule wa mto. Mwaka wa 1978 kitasa cha kulia kilikataa kushika, mlango ukafunguka kwenye kona, na mtoto wake wa tatu alishikwa na mama yake kwa sweta. Jioni hiyohiyo Guka aliweka bamba na pete ya kufuli, kama za mlango wa duka, akaifunga kwa skrubu nne na nati kupitia ngozi ya aluminiamu. Kila siku kwa miaka yote iliyofuata, kabla ya kuwasha gari, abiria alichomeka kijiti kwenye pete hiyo. Hakuna katalogi ya Solihull yenye kifaa hicho.

Fundi hakuwa na shida nayo. Kwake kuna vitu viwili tofauti. Boliti ya nane kwenye tundu la inchi inakula gari, na hiyo lazima itoke hata kama imekaa humo miaka hamsini. Bamba la Guka halijakula kitu. Limetoboa matundu manne safi, limeshika mlango, basi. Nimeufikiria mpaka huo tangu siku ile na sijaona bora zaidi. Watu wanaorekebisha magari ya zamani hupenda kusema "orijino" kana kwamba gari lilikuwa gari siku ya kwanza tu, na kila kilichofuata ni uchafu. Kwa gari hili siku ya kwanza ni siku ya serikali ya kikoloni. Mlango ukirudishwa hadi hapo na kuachwa hapo, umerudishwa mikononi mwa yule aliyeutumia vibaya, na yule aliyeufanya kazi ya maana amefutwa kwa jina la usahihi.

Kurasa mbili zangu zikawa nne. Niliandika BSF kulia na UNF kushoto, na kwa nini. Niliandika mwaka wa 1954, na debe za maziwa, na sweta. Nilimsomea Guka kabla ya kutuma, kwa sababu magoti ni yake na pesa ni zake, na ukweli wa mlango wa Gilgil ungeweza kushusha bei. Alisikiliza hadi mwisho, akasahihisha jina la mto, akasema tuma.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Mnunuzi aliomba picha za boliti za mlango wa kushoto, akapunguza bei kidogo, si kama nilivyoogopa. Akauliza kama lile bamba la kufuli linaweza kutolewa na matundu yazibwe kabla gari halijapelekwa bandarini. Nilimsomea Guka hilo pia.

"Mwambie ataliondoa mwenyewe likifika kwake," alisema. "Ila atumie bisibisi bapa. Ile ya nyota haiingii."